Godoro tunapewa, mdhamini hatupewi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni fundi seremala hapa Kihonda, Morogoro. Gazeti lako hulisoma jioni, mara nyingi likiwa limechelewa siku mbili, kwa sababu anayelinunua ni jirani yangu wa duka. Akishalisoma hunipa haraka kabla mkewe hajalichukua kufungia maandazi.

Wiki iliyopita niliona picha humo. Watu wamevaa fulana za rangi moja, wamesimama mbele ya kituo cha kulelea watoto yatima, na mbele yao kuna magunia ya mchele, katoni za sabuni, madumu ya mafuta, halafu watoto wadogo wamekalishwa mkekani. Sina ugomvi na picha ile. Mchele wa namna hiyo nimeula miaka 14, nikilelewa kituoni. Ila nilipoitazama nilijikuta nawatafuta watoto wakubwa, na sikuwaona. Najua walikokuwa. Walikuwa stoo, wanapanga magunia.

Kwetu ilikuwa hivyo. Gari la wageni likiingia, wadogo wanaoshwa nyuso na kupangwa mstari, sisi wa miaka 16 na 17 tunaitwa kushusha mizigo. Mgeni anayetaka kupigwa picha amebeba mtoto hawezi kumbeba mwenye ndevu. Nilishusha magunia mpaka nikawa nakadiria kilo kwa bega, na bado leo mtu akiniuzia simenti iliyopunjwa najua kabla sijaitua. Katika miaka yote hiyo hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza, "Kijana, mwakani utakuwa wapi?"

Nililetwa kituoni nikiwa na miaka minne ya kukadiria. Nasema ya kukadiria kwa sababu daktari alinitazama meno, akaandika mwaka, na tarehe wakaniwekea 1 Julai. Tulikuwa 11 tuliozaliwa tarehe 1 Julai. Keki ilikuwa moja, kwa hiyo uongozi haukupata hasara. Nikatoka Desemba 2009, mwaka ule ule Bunge lilipopitisha Sheria ya Mtoto, ile inayosema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Wakati huo sheria hiyo sikuijua. Nilichojua ni kwamba nimemaliza kidato cha nne, matokeo bado, na kitanda changu kimeshapata mtu.

Nilipewa godoro la inchi nne, ndoo, sufuria mbili, blanketi na shilingi elfu sitini. Mama mlezi alilia. Siwalaumu, walikuwa na watoto 70 na pesa za kubahatisha, na kaka zetu waliotangulia walitoka hata sufuria hawana. Dereva alinishusha na godoro langu kando ya barabara, akaniambia, "Haya kaka, kaza buti," akageuza gari.

Watu wakimfikiria kijana aliyetoka kituoni hufikiria njaa. Njaa ilikuja, lakini haikuwa ya kwanza. Cha kwanza kilikuwa usingizi. Tangu nipate akili sikuwahi kulala chumbani peke yangu. Bwenini usiku kuna anayekohoa, kuna anayeota kwa sauti, kuna anayelia chini ya shuka na wewe unajifanya hujasikia. Chumba changu cha kwanza kilikuwa kimya, nikashindwa kulala, nikaanza kuacha mlango wazi nisikie watu wa uani. Ndivyo nilivyoibiwa sufuria ya kwanza.

Kupika nilijua, tena vizuri, ila nilijua kupikia watu 70. Zamu ya jikoni kwetu unga ulipimwa kwa ndoo. Siku ya kwanza nilisonga ugali kwa jinsi mkono ulivyozoea, mpangaji mwenzangu akachungulia, akaniuliza kwa upole kama nimepata msiba. Bei ya kitunguu sikuijua. Kwamba umeme hununuliwa sikujua pia, maana kituoni uliwaka na kukatika kama mvua, jambo la Mungu. Mwenye nyumba alipopita kukusanya hela ya luku nilidhani ananitapeli, nikamjibu ovyo mbele ya watu, na mwezi wa tatu nikatolewa pale na godoro langu.

Huo si ujinga, Mhariri. Mtoto wa nyumbani anatumwa dukani tangu ana miaka mitano. Anarudi chenji imepungua, anafokewa, kesho anahesabu mara mbili. Sisi hatukutumwa popote. Vitu vilikuja na gari.

Hata hivyo mambo hayo ukiungua mara mbili unajifunza. Kinachomshinda kijana wa kituo ni neno moja lililokaa kwenye kila fomu ya nchi hii: mdhamini.

Ukitafuta chumba, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele, dalali anataka yake ya mwezi mmoja, na juu ya hapo wanataka mtu mzima wa kumpigia simu ukichelewa. Ukitaka boda ya mkataba, tajiri anauliza mdhamini wako ana nyumba au kiwanja. Ukitaka kazi ya kulinda ghala au kukaa kwenye duka la mtu, lete mdhamini. Unakwenda serikali ya mtaa kuomba barua ya utambulisho, mwenyekiti anakuuliza, "Wewe mtoto wa nani hapa mtaani?" Anauliza kwa wema kabisa. Ukisema umetoka kituoni uso wake unabadilika, anakuonea huruma, anakupa na kiti. Ila barua hupati, kwa sababu hajui amwandike nani.

Mimi niliokolewa na mzee mmoja fundi aliyekuwa na karakana karibu na Msamvu. Nilipita kuomba kibarua cha kubeba mbao. Akanipa randa na kipande cha mninga, akasema nisawazishe. Nilikitafuna kile kipande, kikatoka kama kimeliwa na panya. Hakucheka. Akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia, nikangoja ile huruma. Akasema, "Kesho saa moja. Mdhamini wako ni mimi, mpaka utakapoiba."

Ndiye aliyekwenda kwa mwenye nyumba wangu wa pili akaacha namba yake ya simu. Ndiye aliyeandikwa nilipolazwa kwa malaria na nesi akauliza ndugu wa mgonjwa yuko wapi. Na nilipotaka kuoa, ndiye aliyepeleka barua ya posa. Mke wangu ni Mluguru wa Matombo, na Waluguru ukoo wao unafuata kwa mama, mjomba ndiye mwenye neno. Wazee wa kule wakauliza: huyu bwana mama yake wa ukoo gani, na mjomba wake nani? Mimi nikawa natazama miguu yangu. Mzee, Mnyamwezi wa Tabora asiye na undugu wowote na mimi, akakohoa, akasema, "Mjomba wake mnamtazama." Wakatazamana, mmoja akacheka, na mahari yakaanza kujadiliwa. Ningekwenda na godoro langu la inchi nne nadhani ningekuwa kapera mpaka leo.

Alifariki 2019. Msibani nilikaa upande wa wafiwa na hakuna aliyeniuliza.

Kwa upande wa wasichana mdhamini huwa hachelewi kupatikana, na hapo ndipo penye hatari. Dada yangu mmoja wa kituoni, mmoja wa wale wa 1 Julai, alitoka mwaka mmoja baada yangu. Ndani ya wiki tatu akapatikana mwanaume wa kumlipia chumba. Kila mtu alisema ana bahati. Akiwa na miaka 19 akajifungua, na mwanaume akahamia mkoa mwingine na simu yake ikawa haipatikani. Watu wa kanisani wakamshauri ampeleke mtoto kituoni, kule kule tulikokulia, angalau ale. Alikataa. Aliniambia, "Huyu ana tarehe yake ya kuzaliwa, niliiona saa ukutani." Siku hizi ni fundi cherehani, na binti yake yuko sekondari.

Mwaka 2014 nilifungua karakana yangu, na tangu hapo nimechukua vijana sita kutoka kituo kile. Nisijisifu, si wote waliokaa. Mmoja aliniibia dirili ya umeme ya kuazima akapanda basi la Dar, nikailipa mimi, na kodi yake iliyobaki nikailipa mimi pia kwa sababu saini ilikuwa yangu. Kwa hiyo simshangai mtu anayekataa kumdhamini mtoto asiyemjua. Nilikaa karibu mwaka mzima bila kuchukua mwingine.

Niliyenaye sasa ana miaka 19, mkono wake ni mzuri kuliko wangu nilipokuwa na umri huo. Kitanda cha tano kwa sita anakimaliza kwa siku mbili, msasa na vanishi ndani yake. Alikuja hana cheti cha kuzaliwa. Bila cheti, namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ni safari ndefu. Bila namba ya NIDA husajili laini ya simu kwa jina lako, na bila laini hakuna pesa ya simu, na wateja wa leo hawatembei na noti. Akawa anatumia laini ya rafiki yake. Mteja mmoja akatuma 85,000 ya fundi jioni, asubuhi rafiki hayupo na hela haipo. Kijana alikaa juu ya rundo la mbao nusu saa bila kusema kitu. Ilikuwa kodi yake.

Tukaanza kuhangaika na cheti. Tulikwenda wilayani kwenye usajili, tukarudishwa kituoni kuleta barua. Kituoni uongozi ulishabadilika na faili lake halionekani. Tukaenda ustawi wa jamii, afisa akatusikiliza vizuri, akaandika barua, tukarudi nayo, ikaonekana jina kwenye cheti chake cha kidato cha nne lina herufi moja zaidi ya jina kwenye kadi ya kliniki. Ikabidi kiapo kwa wakili, na wakili halipwi kwa vitanda. Miezi saba. Nilihesabu siku za kazi alizopoteza nikaacha, nilikuwa najiumiza bure. Mtoto huyu alikaa mikononi mwa watu wenye ofisi na kabati la mafaili kwa miaka 13. Angeshughulikiwa akiwa darasa la tatu ingekuwa kazi ya asubuhi moja.

Na cheti kinakufuata kila mahali. Mwenzake aliyefaulu kwenda chuo aliomba mkopo wa elimu ya juu kama yatima, akatakiwa kuleta vyeti vya vifo vya wazazi. Sasa aliyeokotwa akiwa mchanga, asiyejua kama mama yake yu hai au la, atapeleka cheti cha kifo cha nani? TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia maskini, nao huandikisha kaya, na mtu mmoja mwenye godoro ndani ya chumba cha kupanga hakuna mkutano wa mtaa unaomwona kuwa kaya. Ipo ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo zuri na nimeona vikundi vilivyoinuka. Lakini kwanza uwe na kikundi, na kikundi ni watu wanaojuana mtaani, na mtaani ndiko ambako kijana huyu ana wiki mbili tangu afike.

Mwaka juzi alikuja kufanya mazoezi ya kazi hapa kwetu mwanafunzi mmoja wa ustawi wa jamii, binti mwenye maswali mengi. Aliniambia Umoja wa Mataifa ulitoa miongozo tangu 2009 kuhusu watoto wanaolelewa nje ya familia zao, na humo imeandikwa kwamba kila inapowezekana kijana anayetoka apangiwe mtu maalumu wa kumsaidia ajitegemee. Akaniambia Uingereza mtu huyo yupo kisheria na anaweza kukaa na kijana mpaka afike miaka 25. Nikamuuliza, na Tanzania anaitwa nani? Akacheka akaninyooshea kidole. Sikuona cha kucheka. Mimi nina karakana moja na vijana wanatoka kila mwaka.

Najua kwamba siku hizi mwelekeo ni kuwarudisha watoto kwenye familia badala ya kuwarundika vituoni. Jirani zetu Kenya walizindua mwaka 2022 mkakati wa miaka kumi wa jambo hilo. Naunga mkono kwa mikono miwili, mtoto akitumwa dukani na shangazi yake hatanunua luku kwa mshangao. Ila aliye na miaka 16 leo bwenini mkakati wowote utamkuta ameshashushwa barabarani.

Ninachoomba si kikubwa. Kituo kisimtoe mtoto bila cheti cha kuzaliwa mkononi na namba ya NIDA imetoka. Kama ametimiza 18 na namba bado, alale pale pale mpaka itoke, na mkaguzi akija aanze na kabati la mafaili kabla ya kuangalia vyoo. Halafu halmashauri iwe mdhamini wake kwa miaka mitatu ya kwanza: barua yenye muhuri kutoka ustawi wa jamii, inayomwambia mwenye nyumba au tajiri wa boda kwamba kijana huyu ana kwao, akikosea piga namba hii. Nitaambiwa maafisa ni wachache. Ni kweli, wa kata yetu namwona akizunguka kwa boda ya kulipia mwenyewe. Basi watumieni mafundi, mama lishe na wenye maduka. Tupo wengi ambao tungeweka saini kama tungejua kwamba dirili ikiibiwa si mimi peke yangu nitakayeilipa.

Kwa wale wenye fulana za rangi moja nina neno pia, nalisema kwa heshima. Chumba cha kawaida huku kwetu ni elfu arobaini kwa mwezi. Kodi ya miezi sita ni 240,000, na ukipita sokoni utaona hayo ni magunia machache tu ya mchele. Leteni mchele, wadogo wanakula. Lakini mkimaliza kupiga picha zungukeni stoo, muwaulize wale wanaopanga magunia wanatoka lini. Na Jumamosi moja kwa mwezi muwachukue wanne watano, muwape elfu tano kila mmoja, muwapeleke sokoni wanunue mboga ya sufuria moja, wapatane bei wenyewe, wapunjwe kidogo.

Desemba hii anatoka mwingine. Mtihani wa kidato cha nne anaumaliza Novemba, na amekuwa akija karakana Jumamosi kupiga msasa. Wiki iliyopita nilimtuma dukani kwa jirani akalete misumari ya inchi tatu nusu kilo, akarudi akiwa ameshika chenji kiganjani, wazi, kama mtu aliyebeba yai. Chumba nimeshampatia, nyuma ya msikiti. Mwenye nyumba anataka miezi sita, amekubali mitatu nimeshalipa, na mitatu iliyobaki anaitaka Machi. Kwenye karatasi yake kulikuwa na mstari wa mdhamini, nimejaza jina langu na namba ya simu.

Wako msomaji,

Fundi seremala,
Kihonda, Morogoro